Siku tatu Chicago na Baba, mtu wa zimamoto

Baba alifika kwangu Milwaukee katikati ya Septemba akiwa na masanduku mawili, moja la nguo na moja la zawadi. Katika lile la zawadi mlikuwa na pakiti kumi na mbili za kahawa ya Bukoba. Nilidhani zote zangu.

"Tatu zako, mama," akaniambia. "Zilizobaki ni za vituoni. Mtu haendi kwa watu mikono mitupu."

Baba amekuwa askari wa zimamoto kwa miaka thelathini na moja. Sisi ni watu wa ziwa, wa Mwanza, lakini kazi yake ilituhamisha mji hadi mji, na mimi nilisoma shule nne za msingi kwa sababu hiyo. Sasa amestaafu na magoti yanamsumbua. Nilipomuuliza anataka kuona nini Marekani, hakutaja maduka wala sanamu. Alisema anataka kuuona ule mji ulioungua. Basi nikaomba likizo kazini, nikampigia rafiki yangu anayekaa Rogers Park, kaskazini mwa Chicago, atupe chumba.

Alhamisi

Treni ya Hiawatha inaondoka Milwaukee saa mbili asubuhi na dakika chache, na saa moja na nusu baadaye uko Union Station. Baba alikaa dirishani, kimya. Tulipotoka nje na kuanza kutembea kuelekea kusini ndipo akaanza kuhesabu.

"Moja. Mbili, ile pale mbele ya duka. Tatu."

Alikuwa anahesabu haidranti, yale mabomba mafupi ya chuma yaliyosimama kando ya barabara kwa ajili ya zimamoto. Nina miaka saba katika nchi hii na nilikuwa nayapita kama ninavyopita nguzo za umeme. Baba alisimama kwenye kila moja. Aliinama akatazama midomo yake, akagusa nati ya juu, akapima kwa macho umbali hadi lililofuata. Chicago ina zaidi ya 47,000. Tulipoingia mtaa wa DeKoven alikuwa amefika kumi na tisa, na mwendo wa nusu saa tulikuwa tumeutembea saa nzima.

Hapo DeKoven ndipo ule moto mkubwa wa Chicago ulipoanzia. Jumapili tarehe 8 Oktoba 1871, kiasi cha saa tatu usiku, moto ulishika bandani kwa Patrick na Catherine O'Leary. Mji ulikuwa wa mbao, hata njia za waenda kwa miguu zilikuwa za mbao, na kiangazi kilikuwa kimeukausha kama kuni. Mpaka mvua iliponyesha na kuumaliza, watu wapatao 300 walikuwa wamekufa, majengo zaidi ya 17,000 yameteketea, na watu 100,000 hawana pa kulala, yaani karibu mmoja katika kila watatu. Leo mahali pa banda lile kuna chuo cha zimamoto cha jiji, kilichofunguliwa mwaka 1961, na nje yake sanamu ya shaba ya ndimi za moto zilizojisokota kwenda juu, kazi ya Egon Weiner. Vijana wanafundishwa kuzima moto palepale moto ule ulipozaliwa. Baba aliipenda habari hiyo kuliko sanamu yenyewe. Aliuzunguka ukuta mara mbili, akawa anasikiliza kama atasikia amri za gwaride ndani.

Nilimsimulia habari ya ng'ombe. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba ng'ombe wa mama O'Leary aliipiga taa teke, na mama huyo akaishi na lawama hiyo hadi kifo chake. Baraza la jiji lilimsafisha mwaka 1997.

"Moto ukiisha watu hutafuta mtu," Baba alisema. "Wakimkosa, hata ng'ombe."

Kilichomshika zaidi ni habari ya askari wenyewe. Jiji zima lilikuwa na askari 185 na pampu 17 za mvuke za kukokotwa na farasi. Usiku wa Jumamosi, kabla tu ya ule wa Jumapili, walikuwa wamepambana na moto mwingine mkubwa. Walikuwa wamechoka, na baadhi ya vifaa vilikuwa vimeharibika. Mlinzi aliyekuwa juu ya mnara wa mahakama aliuona moshi akakosea mahali, vikosi vikapelekwa kwingine. Baba alinitaka nirudie sehemu ile ya uchovu. Nikairudia. Akasema tu, "Masikini," akaendelea kutembea.

Hapa niongeze jambo linalouhusu upande wetu wa Wisconsin, jimbo ilipo Milwaukee. Usiku uleule mji wa Peshtigo, kaskazini mwa jimbo, uliteketea na watu zaidi ya 1,000 wakafa. Ndio moto wa msituni ulioua watu wengi kuliko wote katika historia ya Marekani, lakini habari zake zilifunikwa na za Chicago. Miaka saba nimeishi jimbo hilo bila hata kulijua jina la Peshtigo. Nimelijua kwa kuandaa safari hii.

Kutoka chuoni tulikwenda kituo cha Engine 18, barabara ya Blue Island. Hapa Engine ni gari la pampu na kikosi chake, Truck ni gari la ngazi. Tulikuta milango imefungwa, gari limeitwa. Nikataka tuondoke. Baba akasema zimamoto akienda hurudi, akaegemea ukuta. Baada ya dakika arobaini hivi lilirudi, likaanza kuingia kinyumenyume, na Baba akasimama wima, mikono ubavuni, mpaka magurudumu yaliposimama. Askari aliyekuwa akiongoza gari kwa mikono alimwona. Hakuuliza huyu ni nani. Alikuja moja kwa moja akampa mkono.

Hawakuwa na muda mrefu, lakini Baba aliona kitu kabla sijakiona. "Mama, tazama zile taa. Kulia kijani, kushoto nyekundu. Hii ni meli."

Ni kweli. Mtu wa Mwanza hawezi kukosea taa za meli. Amezitazama zikiingia gatini tangu utoto. Askari alicheka kwa furaha, akatueleza kwamba desturi hiyo ni ya Chicago na inatokana na Albert Goodrich, kamishna wa zimamoto wa miaka ya 1920, ambaye ukoo wake ulikuwa na kampuni ya meli katika Ziwa Michigan. Alipopewa zimamoto akayavalisha magari taa za baharini, na hadi leo utaziona kwenye magari na milangoni mwa vituo. Pakiti mbili za kahawa zikabaki pale.

Jioni tulipanda Willis Tower, mita 442, ghorofa 110. Huko juu watu hukimbilia vile vibaraza vya kioo wapige picha wakiwa wamesimama hewani. Baba aliviacha. Alitaka nimwonyeshe DeKoven ilipo, kisha barabara ya Fullerton, mbali kaskazini, moto ulikokomea. Ni zaidi ya kilomita sita. Aliweka kidole kwenye kioo akakipitisha taratibu kutoka pale hadi kule, juu ya maghorofa yote, mto na madaraja. Kisha akaniuliza ngazi ya gari lao inafika wapi. Nikamwambia mita thelathini hivi. "Basi huku juu wanakuja kwa miguu, na mzigo mgongoni," akasema.

Ijumaa

"Shikamoo Baba." "Marahaba, mama. Leo wapi?" Nilimwambia leo ni zamu yangu kwanza, kwa hiyo asubuhi tulikuwa Millennium Park mbele ya Cloud Gate, ile sanamu ya chuma inayong'aa ambayo watu wa hapa huiita haragwe. Ni nzuri kweli. Mji mzima unajipinda ndani yake. Tulipiga picha mbili. Ziwa tulilitazama kwa muda mrefu zaidi. Nilimwambia Michigan ina kilomita za mraba 58,000. "Letu ni kubwa," akasema, na hilo ni kweli pia, Victoria ni zaidi ya 68,000. Aliteremka hadi ukingoni akachovya vidole, akavionja. Maji baridi, akasema, lakini matamu.

Mtaa wa Randolph upo hatua chache kutoka hapo. Namba 24 magharibi kuna jumba la maonyesho la Nederlander, linapendeza, taa nyingi. Mahali hapohapo palikuwa na Iroquois. Lilifunguliwa Novemba 1903 likitangazwa kuwa haliwezi kuungua hata kidogo. Tarehe 30 Desemba mwaka huohuo, onyesho la mchana, watoto wako likizo, ukumbi umejaa akina mama na watoto, cheche ya taa ya jukwaani ilishika pazia. Pazia la kuzuia moto lilikwama likishushwa. Milango mingine ilikuwa imefungwa, mingine ilifunguka kwa ndani, na umati uliposukuma haikuweza kufunguka tena. Walikufa watu 602.

Nilikuwa nayasema haya nikiwa nimeushika mlango wa kioo wa mkahawa jirani, tunataka kuingia kunywa chai. Baba akanizuia mkono. "Usiingie kwanza. Usukume huo mlango. Unafunguka wapi?" Unafunguka nje. Akanionyesha lile fito la chuma lililolala katikati ya mlango wa dharura upande wa ndani, ambalo ukilisukuma kwa kifua tu mlango unaachia. Fito hilo lilibuniwa na watu walioshtushwa na Iroquois, mmojawao Carl Prinzler, na likaanza kuuzwa mwaka 1908. Nililikuta shuleni, hospitalini, kazini, kila siku, wala sikujua lina watoto nyuma yake. Chai ile sikuimaliza.

Kumbukumbu yao ipo ukumbini mwa ofisi kuu ya jiji, upande wa LaSalle, picha ya shaba iliyochongwa na Lorado Taft. Watu wanaipita wakienda kulipia vibali. Tulisimama hapo kidogo.

Mchana tulikwenda barabara ya Michigan, kwenye mnara wa maji. Ulijengwa mwaka 1869 kwa mawe ya rangi ya malai, una vijinara vingi kama ngome, na ni miongoni mwa majengo machache ya eneo lile yaliyobaki yamesimama baada ya moto. Nyuma ya kituo cha pampu kinachotazamana nao kuna kituo cha Engine 98, kidogo, cha mawe yaleyale, kimebanwa na maghorofa pande zote. Baba hakutaka kusikia habari ya mnara kabla hajakiona kituo.

Mlango ulikuwa wazi. Mkubwa wa zamu, mtu mzima mwenye masharubu meupe, alipoelezwa kwamba huyu ni mwenzake kutoka Tanzania aliita vijana wote washuke. Tulikaa humo karibu saa mbili. Nilitafsiri hadi koo likakauka, ingawa kuna wakati hawakunihitaji: Baba alikuwa akionyesha kiungo cha mpira wa maji kwa kidole na yule mzee akionyesha cha kwake, wanatikisa vichwa, wanaelewana.

Jambo moja liliwashangaza wote wawili. Baba aliuliza gari linabeba maji kiasi gani. Galoni 500, yaani kama lita 1,900. Alidhani nimetafsiri vibaya. Gari lake la mwisho lilibeba lita 5,000, na aliona hazitoshi. Iweje tajiri abebe kidogo kuliko maskini?

Yule mzee alimshika mkono akamtoa nje hadi kwenye haidranti, akaipiga kofi kama mtu anayempiga farasi mgongoni. Maji yetu yako hapa, akasema. Yale ya kwenye gari ni ya kuanzia tu, kijana wa kwanza anaingia na mpira huku mwingine anaunganisha huku. Mpira mmoja ukifunguliwa wote unamaliza lita 1,900 kwa dakika tatu au nne. Baba alipiga hesabu yake ya zamani kwa vidole: lita 5,000, mipira miwili. Dakika nne, tano.

Hakusema neno. Walibadilishana beji za begani, pakiti moja ya kahawa ikachemshwa palepale, tukaaga.

Tulivuka hadi kwenye bustani ndogo chini ya mnara, nikamsomea kwenye simu habari za mahali pale. Mwaka 1867 Chicago ilikuwa imemaliza kazi ya ajabu ya mhandisi Ellis Chesbrough: handaki lililochimbwa chini ya ziwa maili mbili, ili mji upate maji safi ya mbali na ufuo. Handaki lilileta maji kwenye pampu hizi, mnara ukatuliza mkandamizo wake, na mabomba yakayagawa mjini. Basi usiku ule wa 1871, kiasi cha saa tisa, moto ulivuka mto, ukafika hapa, ukaangusha paa la nyumba ya pampu. Mashine zikasimama. Mji wote ukakauka, na askari wakabaki wameshika mipira mitupu.

"Soma tena," Baba akasema.

Nikasoma tena. Akauliza kama wananchi waliwapiga mawe. Nikasema haikuandikwa hivyo.

Ndipo akanisimulia. Mji hakutaka niutaje, na mwaka pia. Soko liliwaka usiku wa manane. Walifika mapema, dakika sita tu tangu simu. Haidranti ya karibu ilikuwa imejengewa vibanda juu yake; ya pili waliifungua, ikatoa upepo. Wakapigana kwa maji ya garini, na yalipoisha dereva akaligeuza gari liende kuchota. Watu waliona gari linaondoka. Wakadhani wanakimbia. Jiwe la kwanza lilivunja kioo, la pili lilimpasua dereva juu ya jicho. Waliendesha hivyohivyo, damu ikimtiririka, wakachota, wakarudi, wakazima kilichobaki, huku wanatukanwa.

Mimi nilikuwepo katika mji huo. Nilikuwa darasa la tano. Kesho yake shuleni waliniimbia "zimamoto bila maji" kuanzia mstarini hadi kengele ya mwisho. Nilirudi nyumbani nikamlilia Baba aache kazi ile, nikamwambia ananiaibisha. Alinisikiliza, akaniogesha, akanipeleka kulala. Hakunieleza kitu, na mimi sikuwahi kumuuliza. Pale, kwenye benchi la Chicago, niliomba radhi. Alinipapasa kichwa kama vile bado niko darasa la tano.

Tulipokuwa tukirudi Rogers Park tulishuka Addison. Kituo cha Engine 78 kinatazamana na uwanja wa besiboli wa Wrigley. Mipira ikipigwa vizuri huvuka ukuta na kuja mtaani mbele ya askari. Kahawa pakiti mbili, picha moja, giza likaingia. Usiku rafiki yangu alitupikia ugali na samaki.

Jumamosi

Kule Western Avenue, kusini, kuna jumba la makumbusho la zimamoto ndani ya kituo cha zamani cha Engine 123. Hufunguliwa siku chache tu kwa mwezi, nami safari yote niliipanga kuizunguka Jumamosi hii. Wanaoliendesha ni wapenzi wa kazi ile na wastaafu, kwa hiyo Baba alikuwa nyumbani. Mzee mmoja wa hapo ndiye aliyetupa hadithi ya Engine 21, nami nitaiandika yote.

Baada ya moto wa 1871 Chicago ilianzisha kikosi cha askari weusi, Engine 21. Wakati huo vituo vilikuwa na farasi chini, watu juu, na nyasi kavu za farasi juu zaidi. Siku moja kengele ililia, na askari mmoja, George Reid, badala ya kukimbilia ngazi alidandia mti uliotumika kubania nyasi kwenye mkokoteni, akateleza hadi chini kabla wenzake hawajafika ngazini. Kapteni wao, David Kenyon, aliona. Mwaka 1878 wakatoboa sakafu, wakachonga mti wa msonobari, wakausugua, wakaupaka vanishi na nta. Vikosi vingine viliwacheka. Kisha vikagundua kwamba Engine 21 ndio wanaotangulia kufika kwenye moto, tena usiku zaidi, na kicheko kikaisha. Ile nguzo ikaenea mji wote, na dunia nzima.

Baba aliteleza kwenye nguzo ya namna ile katika kituo chake cha kwanza kazini. Alidhani ni kitu cha Waingereza. "Kumbe ni watu weusi," alisema, akalirudia tukiwa kwenye basi, na tena baadaye, peke yake, taratibu.

Mwisho tulikwenda kwenye lango la mawe la Union Stock Yard, mabaki ya machinjio makubwa yaliyofungwa mwaka 1971. Juu ya tao kuna kichwa cha fahali kilichochongwa. Nyuma yake kuna sanamu ya askari wa zimamoto na majina ya wenzao wote wa Chicago waliokufa kazini. Tarehe 22 Desemba 1910, alfajiri ya baridi kali, ukuta wa ghala la nyama uliwaangukia hapo, wakafa 21, akiwemo mkuu wao James Horan. Baba alivua kofia. Alisoma majina kwa sauti ndogo, kwa matamshi yake, moja baada ya jingine, nami nilikaa kwenye ukingo wa njia nikamngoja. Hatukuwa na haraka tena na jua lilikuwa bado zuri.

Treni ya jioni ilitufikisha Milwaukee saa nne. Nilidhani amelala, kumbe alikuwa sebuleni anatazama saa. Ilipofika saa sita usiku, yaani saa mbili asubuhi kwetu nyumbani, alichukua simu akampigia yule dereva wake wa zamani, mwenye kovu juu ya jicho. Nilisikia salamu ndefu, za watoto, za mvua, za kanisani. Kisha Baba akashusha sauti.

"Sikiliza, ndugu yangu. Nimefika Chicago. Hata wao maji yaliwaishia."